Kasese hadi Bwera: Laptopu inapovuma mchana kutwa

*Feni za kompyuta mpakato za mtumba hazinyamazi katika miji hii miwili ya magharibi mwa Uganda. Wapo mafundi wanaozisafisha, wapo wanaozichomoa waya, na wapo wauzaji wasiotaka mtu afungue hata skrubu moja.*

Ni Ijumaa, siku ya soko Mpondwe, mpakani kando ya Bwera. Watu wamejaa kuanzia ukingo wa mto Lhubiriha hadi kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo. Ndani ya kiofisi cha wakala wa forodha, chenye paa la mabati na dirisha moja, laptopu iliyo mezani inavuma kiasi kwamba mteja analazimika kulitaja jina lake mara mbili.

"Mama, ngoja kidogo, mashine ipumue," kijana anayejaza fomu anamwambia mwanamke wa Butembo mwenye katoni za sabuni.

"Iko inapumua tangu asubuhi, mtoto wangu," mama anajibu kwa Kiswahili cha ng'ambo. "Gari itaniacha."

Kwenye kioo hakuna cha kutisha. Kuna ukurasa wa ASYCUDA, programu ya forodha inayotumiwa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA), na jedwali la bei. Muziki umezimwa. Hata hivyo feni inazunguka kwa nguvu zake zote, na ukiweka kiganja ubavuni mwa mashine unakutana na hewa ya moto.

Malalamiko haya hayaishii mpakani. Kilomita zipatazo 60 kuelekea kaskazini-mashariki, mjini Kasese, utayasikia katika maduka ya kuchapa na kutoa nakala, kwa vijana wanaopakia nyimbo na filamu kwenye memori kadi, na kwa walimu. Swali tulilotumwa kulifuatilia lilionekana dogo: mbona feni hizi hazinyamazi? Kila fundi tuliyekaa naye alikuwa na jibu, na majibu hayakufanana.

Zimefika na umri wao

Laptopu nyingi zinazouzwa hapa si mpya. Ni HP EliteBook na ProBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad: mashine za ofisini zilizotumika Ulaya, Marekani au Ghuba kwa miaka mitatu minne, zikaondolewa kwa mkupuo, zikapita kwa madalali, zikafika Kampala, kisha zikapanda basi kuja Kasese. Ng'ambo ya mpaka zina njia yake: wafanyabiashara wa Butembo, maarufu kwa safari za Dubai na Guangzhou, huleta zao.

Serikali iliwahi kujaribu kuufunga mlango huu. Katika bajeti ya mwaka 2009 ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa friji, televisheni na kompyuta zilizotumika, kwa hofu kuwa nchi inageuzwa jalala. Waliopinga walisema bei ya mashine mpya haishikiki. Leo pita mtaa wowote wa maduka Kasese, utaona za mtumba zimepangwa dirishani, kila moja na karatasi ya bei ya laki kadhaa au milioni na kitu.

Na si mashine mbaya. Makala haya yameandikwa kwenye moja yazo.

Tatizo ni kwamba mnunuzi hununua sura. Anatazama kioo, anabonyeza vitufe, anauliza RAM ni ngapi na betri inakaa saa ngapi. Haulizi mara ya mwisho ilifunguliwa lini, na mara nyingi jibu lingekuwa: haijawahi.

Shaba, maji na hewa

Ili kuuelewa ugomvi wa mafundi, kifuniko cha chini lazima kitoke.

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni, na karibu umeme wote unaoingia humo hutoka ukiwa joto. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe. Joto likizidi, mashine hujizima.

Juu ya prosesa hupakwa pesti ya kijivu. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kati ya silikoni na bamba la shaba, maana hewa ikibaki humo joto halipiti vizuri. Pesti hiyo hukauka kwa miaka, ikapasuka na kuacha nafasi. Kwenye bamba linaanzia bomba bapa, nalo la shaba. Wengi hudhani ni chuma kitupu. Ndani yake mna uwazi uliotolewa hewa na kuachiwa maji kidogo mno, na kwa kuwa hakuna hewa ya kuyakandamiza, maji hayo huchemka mapema, kabla ya kufika nyuzi 100. Mvuke hukimbilia ncha ya pili, hukutana na mapezi membamba ya chuma, hupoa na kuwa maji, kisha maji hunyonywa na utambi wa ndani hadi yalikotoka.

Mzunguko huo wote hauna injini. Feni ndiyo sehemu pekee inayotembea: huvuta hewa kutoka chini, huisukuma kati ya mapezi, huitoa ubavuni.

Wenyeji wa Kasese wana haki ya kutabasamu wakisikia habari za shaba. Mji wao umekuzwa na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya mgodi wa Kilembe, na mzigo ukawa unapelekwa kuyeyushwa Jinja mpaka uzalishaji uliposimama mwaka 1982. Kuanzia 1999, Kasese Cobalt Company ilichenjua kobalti kutoka kwenye masalia ya mgodi huohuo, na kobalti ni miongoni mwa vitu vinavyotengeneza betri za laptopu. Shaba na kobalti viliondoka hapa kwa tani. Sasa vinarudi kwa gramu, vya mtumba, na kwa bei ya muuzaji.

Turudi kwenye feni. Haijiamulii kuzunguka. Kidhibiti kidogo kwenye ubao mama husoma vihisi joto muda wote, huipa feni amri kwa waya mmoja, na hurudishiwa hesabu ya mizunguko kwa waya mwingine. Joto likipanda huongeza kasi. Kikishindwa kabisa kusoma, mashine nyingi huchagua usalama na kuiachia feni ikimbie. Kwa hiyo feni isiyotulia inaeleza jambo moja kati ya matatu: joto linazalishwa kwa wingi, au joto lililopo halitoki, au kidhibiti kimeambiwa kifanye hivyo.

> Feni haijiamulii kuzunguka. Kidhibiti ndicho kinachoiamuru, kwa kusoma vihisi joto.

Mafundi wa Kasese na Bwera wanagombana kwa sababu kila mmoja amezoea kukutana na moja ya hizo tatu.

Joto la bondeni, vumbi la mpakani

Kasese imelala bondeni chini ya Rwenzori, karibu kabisa na ikweta, ambayo barabara kuu huivuka karibu na Kikorongo. Mchana joto hufika nyuzi 30 na kupita, na chini ya mabati yasiyo na dari huzidi hapo. Feni haiwezi kuipoza mashine ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Chumba cha nyuzi 34 kinaibebesha laptopu nyuzi 14 za ziada kabla haijafungua faili hata moja, ukilinganisha na ofisi ya nyuzi 20 ilikofanyia kazi ujana wake. Si ajabu mashine inayovuma mjini ikatulia ikipandishwa Kilembe, kwenye upepo wa mlima.

Halafu kuna vumbi. Juni 2021 Rais Yoweri Museveni na mwenzake wa Kongo, Félix Tshisekedi, walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara upande wa Kongo, ikiwemo ile ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni. Barabara ni neema, hakuna anayebisha. Lakini kabla ya lami kuna greda, kuna malori ya kifusi, na kuna maduka yenye milango wazi kando yake.

Vumbi tupu feni hulimudu, kwa sehemu kubwa huliingiza na kulitoa. Balaa huja likikutana na nyuzi za kitambaa: za kitenge kilichotandikwa mezani, za blanketi, za godoro ambalo mwanafunzi huwekea laptopu usiku akitazama filamu. Vikishikana hufanya utando mzito kwa upande wa ndani wa mapezi, mahali ambapo jicho halifiki mpaka feni itolewe. Ukimulika tochi kwa nje utaona pasafi, na utaapa kuwa mashine haina tatizo.

Dawa ya kwanza, kwa maana hiyo, haina fundi ndani yake. Ondoa kitenge mezani. Weka vifuniko viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma ya laptopu ili hewa ipite. Walio wengi tuliowaambia hivyo walicheka, wakajaribu, na wengine sauti ikapungua palepale.

Chomoa, puliza, au fungua

Kuna wateja wasiotaka maelezo, wanataka kimya. Anayerekodi tangazo la sauti kwa ajili ya harusi au duka hawezi kufanya kazi na mvumo huo nyuma ya maneno. Wapo mafundi watakaomtimizia: wanafungua, wanachomoa plagi ya feni, wanafunga, wanapokea pesa.

Hiyo ni sawa na kumziba mgonjwa mdomo asikohoe. HP ikiwashwa bila kuiona feni yake huleta onyo lenye namba 90B na kuanza kuhesabu sekunde kabla ya kujizima, isipokuwa mtu abonyeze kitufe cha Enta. ThinkPad nayo hulalamika kuhusu feni mara tu inapoamka. Watu hujifunza kubonyeza Enta kila asubuhi. Mashine inaendelea, polepole, prosesa ikijibana isivuke kikomo chake, na betri na diski zilizo jirani zikiiva kidogo kidogo. Fundi aliyechomoa feni haonekani kuwa na kosa siku laptopu inapokufa, maana miezi imepita.

Kundi la pili hupuliza. Karibu kila kituo cha bodaboda kina kompresa ya matairi, na kwa sarafu chache kijana wa kompresa atakupulizia laptopu kama anavyopuliza kichujio cha hewa. Kidogo husaidia. Lakini hewa ile ina unyevu, na mara nyingine mafuta, na ina nguvu ya kuizungusha feni kwa kasi kuliko ilivyoundwa kuhimili. Ukilazimika kupuliza, zima mashine, chomoa chaja na betri kama inatoka, na ushikilie pangaboi za feni kwa kijiti zisizunguke. Na ujue kuwa utando ule wa ndani mara nyingi haung'oki, unasogea tu.

Kundi la tatu hufungua: feni inatoka, mapezi yanasuguliwa kwa brashi laini, pesti ya zamani inafutwa kwa spiriti, mpya inapakwa kiasi cha punje ya mchele, skrubu zinarudishwa kwa mpangilio wa namba zilizochorwa kwenye bamba. Kazi ya chini ya saa moja kwa mwenye mkono mwepesi. Feni yenyewe ikiwa inakwaruza au kugonga badala ya kuvuma, beringi imekwisha, na hapo hakuna usafi utakaoiponya, inabadilishwa.

> Ukimulika tochi kwa nje utaona pasafi. Utando uko upande wa ndani wa mapezi.

Mwandishi huyu yuko na kundi la tatu. Lakini kundi hilo lina adui, naye ni stika.

Wauzaji wengi hubandika stika ndogo juu ya skrubu na kumwambia mnunuzi: ikichanika, dhamana imekufa. Wana sababu. Zipo mashine zilizorudishwa dukani zikiwa zimebadilishwa RAM nzuri kwa mbovu, na muuzaji hana njia nyingine ya kujikinga. Mnunuzi naye ana yake: amepewa miezi michache ya dhamana kwa mashine yenye pesti iliyokauka, na njia pekee ya kuiokoa ni kuifungua. Anakaa nayo ikivuma mpaka dhamana iishe, kisha anakwenda kwa fundi kuanza kuhesabu madhara.

Njia ya kuumaliza ugomvi huo iko mikononi mwa muuzaji, na si ghali: aifungue yeye, aisafishe, aipake pesti mpya, ndipo abandike stika yake. Mnunuzi wa Kasese anayelipa pesa taslimu ana nguvu ya kudai hilo kabla ya kutoa noti, na ni nadra kuitumia.

Kabla ya bisibisi

Kuna mashine nyingi ambazo hazikustahili kufunguliwa hata kidogo.

HP nyingi za biashara, zilezile zilizojaa madukani, zina kipengele katika menyu ya bayosi (BIOS) kinachoamuru feni izunguke muda wote laptopu inapokuwa kwenye umeme. Mara nyingi kipengele hicho hutoka kiwandani kikiwa kimewashwa. Dalili yake ni rahisi: ukichomoa chaja, feni inatulia; ukiirudisha, inaanza, polepole, hata kama mashine ni baridi. Unabonyeza F10 wakati mashine inawaka, unaingia sehemu ya mipangilio ya mfumo, unakizima. Tumekutana na watu waliokwisha kubadilishiwa feni kwa sababu ya kitu hicho kimoja.

Upande wa programu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama nani anaila prosesa. Mara nyingi utakuta antivairasi inakagua, Windows inapakua masasisho, au kivinjari chenye vichupo ishirini ambavyo mwenyewe amevisahau. Mwenye kununua bando la siku ana mkosi wake hapa: kila akiunganisha intaneti, masasisho yaliyokwama tangu juzi yanaanza upya, bando linaisha kabla hayajamalizika, na kesho kazi ni ileile. Bora atenge saa moja kwenye Wi-Fi ya mahali yakamilike.

Na kuna wageni wasioalikwa. Flashi zinazozunguka kati ya maduka ya filamu na nyimbo hubeba virusi, na programu za kufungulia Windows bila leseni hubeba vingine. Baadhi yao huitumia prosesa yako kuwachimbia wengine sarafu za kidijitali. Laptopu inayovuma huku haina kazi yoyote, kisha inatulia ghafla pindi unapofungua orodha ya programu, inastahili kushukiwa sana.

Umeme nao una sehemu yake. Tarehe 1 Aprili 2025 kampuni ya serikali, UEDCL, ilichukua usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni iitwayo Umeme baada ya mkataba wa miaka 20, lakini kwa mtumiaji wa Bwera kukatika ni kukatika tu. Umeme ukirudi, betri iliyokauka huvuta chaji kwa nguvu, mwenye nayo anafidia kazi iliyolala, na joto la vyote viwili linaiangukia prosesa. Feni ikipiga kelele kwa muda baada ya umeme kurudi, iache. Inafanya kazi yake.

Kwa anayetaka nafuu ya haraka, mipangilio ya umeme ya Windows inaruhusu kuishusha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Asilimia moja inasikika kama mzaha, lakini kwenye mashine nyingi za Intel huzima ile kasi ya ziada inayochemsha zaidi. Kwa kuandika barua na kujaza fomu hutaona tofauti. Kwa kuhariri video, utaiona.

Anayeumia

Wakala wa forodha mashine ikimzimikia katikati ya tamko la mzigo, anaanza upya, na lori linalala Mpondwe. Aliyekodi lori ndiye anayelipa usiku huo.

Shuleni ni zaidi. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010, wanafunzi wa kidato cha tano na sita wasiosoma hisabati wanaweza kuchukua TEHAMA kama somo la ziada, na Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC), kupitia mfuko wake wa mawasiliano vijijini, imepeleka maabara za kompyuta katika shule nyingi za serikali. Mashine thelathini katika chumba kimoja chenye madirisha yaliyofungwa kwa kuogopa wezi hupashana joto zenyewe. Shule zina fungu la chaki na fungu la rangi ya kuta. La brashi na pesti mara chache hulikuta.

Ndoo ya fundi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitegemeza Windows 10. Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo ofisi za nchi tajiri zinamwaga mashine za kabla ya hapo, na si vigumu kukisia baadhi zitaishia wapi. Zitakuja nyingi, rahisi, zenye umri mkubwa zaidi, na pesti kavu zaidi.

Karibu kila fundi tuliyemtembelea ana ndoo au katoni ya laptopu zilizokufa. Humo ndimo feni za kubadilisha zinamotoka, maana feni ya EliteBook haiingii kwenye Latitude, na plagi ya waya nne si ya waya tatu. Bila ndoo hiyo, nusu ya laptopu za mji zingekuwa zimetupwa.

Kisheria ndoo hiyo ni taka. Uganda ina sera ya taka za kielektroniki tangu 2012, Sheria ya Mazingira ya 2019 inazitaja, na kituo cha taifa cha kuzikusanya kilizinduliwa Kampala mwaka 2021. Kampala iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Kasese, na basi hutoza mzigo. Feni, RAM na vioo vina soko. Hakuna anayeona haja ya kuvisafirisha. Betri za lithiamu zilizovimba hazina soko, na makondakta hawazitaki kwenye buti. Fundi mmoja wa Bwera ameanza kuwauzia wenzake wa Kasindi feni zake za ziada, kwa kuwa huko mashine ni zilezile na spea ni adimu. Betri wamemwambia abaki nazo.